Mama Mkwe Amelala Ubavu

Kijiwe chetu kipo Daoudabougou, hapa Bamako, mbele ya studio ya picha iliyofungwa siku simu zilipojifunza kupiga picha, na kazi yake kubwa ni kuangalia upande wa pili wa barabara. Upande huo kuna duka la Mama Assitan Diarra, la kuchapa kadi za harusi, kutoa kopi na kuwaandikia vijana barua za kuomba kazi ambazo hazijibiwi. Sisi tuna benchi moja, viti viwili vya kusukwa kwa kamba za plastiki, jiko la mkaa na birika dogo la chai. Chai napika mimi, Dou, kwa sababu wakipika wengine nalalamika. Kila siku baada ya alasiri tunatatua matatizo ya Mali, ya majirani zake, na ya timu za mpira za Ulaya ambazo hazijawahi kutuomba ushauri. Wiki hii nchi tuliipumzisha. Tulikuwa na kazi ya televisheni.

Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Nilikuwa namimina chai ya kwanza, ile chungu, uliporudi. Ng'ambo ya barabara, televisheni kubwa iliyotundikwa ukutani dukani kwa Mama Assitan ikawa nyeusi, ikawa ya buluu, halafu ikatoa maandishi ya kusomeka hadi kituo cha mafuta: MAMA MKWE. Herufi zote zimelala ubavu. Sisi nasi tukalaza shingo bega la kulia tukasoma, ingawa kila mtu alikuwa anajua kilichoandikwa.

Balozi: Haya, salamu imetoka. Itikieni.

Profesa: Marahaba, Mama Mkwe! Habari za kushinda?

Balozi: Mbona amelala saa hizi? Zoumana, mama yako mkwe anaumwa?

Zoumana Traoré alikuwa anaangalia viatu vyake. Huyu ni fundi wa kompyuta, tunamwita Linux, kijana mwenye adabu zake, ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mashine ya mtu inafanya kazi vizuri akaiacha. Ndiye aliyemshawishi Mama Assitan auondoe ule mfumo wa zamani ulionakiliwa kwa wizi, uliojaa virusi, akamwekea huo wa Linux, wa bure, ambao hauna mwenyewe na kwa hiyo hauna wa kumlaumu. Balozi ni Balozi kwa sababu aliwahi kuishi Libreville hadi serikali ya kule ikamkatia tiketi ya ndege ya kurudi kwao. Profesa alifundisha hesabu shule ya kulipia, mpaka shule yenyewe ikashindwa kujumlisha.

Profesa: Linux, juzi ulisema umemaliza.

Zoumana: Nilimaliza.

Profesa: Na jana?

Zoumana: Jana pia nilimaliza.

Balozi: Huyu anamaliza kila siku. Angekuwa mkandarasi wa serikali angekuwa na ghorofa.

Mimi nikamwambia Zoumana anywe chai kwanza. Maana jambo lenyewe, ukilichukulia kwa kucheka, ni la kuchekesha. Ukilichukulia kwa upande wa kijana, ni msiba.

Kwetu Traoré na Diarra ni watani wa jadi. Mtu wa Diarra anaweza kumwita mtu wa Traoré mtumwa wake na mla kunde mbele ya imamu, na imamu akacheka. Zoumana anampenda Worokia, binti wa Mama Assitan, na mtaa mzima unajua. Basi alipokuwa anaiweka ile Linux, alipofika pale panapoandikwa jina la mwenye kutumia mashine, badala ya kuandika Assitan akaandika Mama Mkwe. Utani. Kola, zile kokwa chungu za kupelekea posa, hata moja ilikuwa haijapelekwa nyumbani kwao. Mama aliona, akacheka, akamwita mla kunde, yakaisha. Jina lilikuwa kwenye skrini ndogo ya mezani, baina yake na pua yake.

Halafu Zoumana, kwa kutaka kumfurahisha zaidi, akaleta televisheni. Akaitundika ikiwa imesimama wima, kwamba kadi za harusi na picha za magauni zionekane kuanzia kilemba hadi kiatu. Ndani ya kompyuta akaigeuza, picha zikasimama vizuri, tukaenda wote kupiga makofi. Na kweli, ukishaingia ndani mambo ni mazuri. Shida ni mlangoni. Umeme ukikatika ukarudi, mashine inaanza upya, na kabla mtu hajaingia inatoa ile skrini ya kuchagua jina na kuandika neno la siri. Hiyo skrini ya kuingilia haijali alichopanga Zoumana. Inaiacha skrini ndogo ya mezani giza, inajipeleka yenyewe kwenye televisheni ya barabarani, inalala ubavu, inatangaza. Na umeme wetu mnaujua.

Profesa: Tukumbushane, Mama alisema nini hasa jana?

Balozi: Nilikuwepo. Alisimama pale mlangoni, mkono kiunoni. Akasema: "Wewe Traoré, jina hilo likitokea tena barabarani, hizo kola zako za Ijumaa ipelekee televisheni, ikuzalie watoto."

Profesa: Alikuwa anacheka?

Balozi: Meno yalionekana.

Profesa: Meno si kicheko. Mamba meno yake yote nje.

Zoumana: Mimi nilifikiri ni utani. Nikamjibu kwamba watoto wa televisheni wangekuwa na akili kuliko wa akina Diarra.

Mimi: Ukamjibu hivyo?

Zoumana: Si mtani wangu?

Mimi: Akasemaje?

Zoumana: Akaingia ndani.

Mtani wako akikutukana ukamrudishia, kinachofuata ni yeye kukutukana zaidi. Akiingia ndani, hapo hesabu imeharibika. Na Ijumaa baada ya swala, mshenga, Mzee Kouyaté, ndiye anayetakiwa kubeba kola kumi kuzipeleka kwa ami yake Worokia. Ami atazipokea, lakini hapokei hadi Mama Assitan aitikie kwa kichwa. Ndiyo ada. Na sasa jina limetokea tena, mchana kweupe, na mwanamke muuza mchele amepita pale na kupiga vigelegele.

Profesa: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Balozi: Nani asiyesikia?

Profesa: Televisheni.

Balozi: Ina guu gani, Profesa? Imetundikwa.

Profesa: Methali haiangalii miguu. Mimi nasema tatizo ni waya. Waya wa kichina unaingiza picha kwa ubavu.

Zoumana: Si waya. Ukishaingia ndani si inasimama wima? Waya ni huohuo.

Profesa: Waya huohuo leo si waya huohuo jana.

Mimi: Basi ichomoeni hiyo televisheni.

Zoumana: Waya niliuzika ukutani. Kwa sementi. Nilitaka duka liwe safi.

Balozi: Allah! Safi sana.

Mimi: Si aifunike?

Zoumana: Aliifunika juzi kwa kitenge. Wateja wakawa wanaingia wanauliza nani kafa.

Profesa: Lifute hilo jina la Mama Mkwe, andika Assitan. Kazi ya dakika.

Hapo Zoumana akainua uso kwa mara ya kwanza.

Zoumana: Nilifute? Nilishamwita mama mkwe, akacheka, akakubali kucheka. Leo siku mbili kabla ya kola nilifute? Si nitakuwa nimemwambia kwamba nimeghairi? Mshenga atafika na kola mkononi, ami atauliza, "Huyu si ndiye aliyemvua mama ukwe?"

Balozi: Hilo kweli.

Profesa: Hilo kweli kabisa. Ukilitoa jina, umemkataa. Ukiliacha, umemwanika.

Zoumana: Kwa hiyo jina si kosa. Kosa ni la skrini. Nikiifanya itii, jina linarudi mezani kwa mama, barabara haioni, Ijumaa kola zinapita.

Mimi nilimimina chai ya kwanza ikaisha, nikaongeza maji na sukari kwa ya pili. Nikamuuliza atueleze, kwa lugha ya watu, kwa nini kompyuta aliyoipanga mwenyewe kwa mikono yake haimtii.

Zoumana: Sikiliza, kaka Dou. Kila anayetumia mashine ana chumba chake mle ndani. Mimi mipangilio nimeiweka chumbani kwa mama. Televisheni ikae pembeni, isimame wima, skrini ndogo iwe ndiyo kubwa. Nikasevu. Mama akiingia, mashine inasoma chumbani kwake, inatii. Sasa skrini ya kuingilia inafanya kazi kabla mama hajaingia. Nayo ina chumba chake yenyewe. Vya mama haivioni.

Balozi: Kwa hiyo ni bawabu.

Zoumana: Eeh, kama bawabu.

Balozi: Wa wizarani! Namjua huyo! Ndani wewe ni mkurugenzi, una kiti cha kuzunguka, una mhudumu. Lakini getini, asubuhi, yeye ndiye mkurugenzi. "Mzee, kitambulisho." Unamwambia, "Mimi ndiye niliyekuajiri." Anakwambia, "Hayo ni ya huko ndani."

Profesa: Mpe basi huyo bawabu karatasi yake na yeye. Nakili hiyo mipangilio, kaiweke chumbani kwake.

Zoumana: Niliweka. Tena kwa nguvu za mkuu wa mashine.

Profesa: Akasemaje?

Zoumana: Hakusema. Hasemi. Akaisoma au hakuisoma, sijui, akalala ubavu vilevile. Nikachunguza nikaona kwake tundu la waya lina jina jingine, si lile la chumbani kwa mama. Nikabadilisha. Asubuhi umeme ukakatika, ukarudi.

Balozi: Akalala.

Zoumana: Akalala.

Profesa: Umewauliza wenyewe waliotengeneza?

Zoumana: Niliandika mtandaoni. Mmoja wa Ujerumani akanijibu kwamba kwake inafanya kazi.

Balozi: Hongera yake. Anaoa lini?

Zoumana: Mwingine akalifunga swali langu. Akasema limeshaulizwa mwaka juzi.

Profesa: Na mwaka juzi lilijibiwa vipi?

Zoumana: Halikujibiwa. Liliulizwa tu.

Profesa alifurahi sana. Hakuna kitu kinachompendeza kama kukuta mahali pengine duniani napo watu wanakaa kijiweni.

Profesa: Sasa nimeelewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huu mfumo ni wa bure. Wameulea watu elfu, kila mmoja kautengeneza kipande chake usiku, bila mshahara, akaenda kulala. Aliyetengeneza chumba cha mama hamjui aliyetengeneza geti. Hawajawahi kunywa chai pamoja. Ni mtoto wa baba wengi. Akikosa adabu utampeleka kwa nani?

Zoumana: Profesa, umesema kweli kwa bahati mbaya.

Balozi: Mimi siamini mambo ya bahati. Mimi nauliza, nani anafaidika? Libreville tulikuwa na msemo: mlango ukijigonga wenyewe, mtafute mwenye kidole.

Mimi: Huo msemo umeutunga sasa hivi.

Balozi: Dou, wewe pika chai. Nani mwingine anamtaka Worokia?

Hakuna aliyetaka kulitaja jina lake, lakini sote tulijua. Yupo mtoto wa Sangaré aliyeko Montreuil, kule Ufaransa, anayemtumia Mama Assitan mafurushi ya viatu na sabuni, na ambaye kwenye simu za video huvaa koti.

Balozi: Nyie mnadhani skrini inalala upande huo bure? Mimi nimeipima. Ukilaza kichwa kuisoma, sikio lako la kulia linaangalia chini, na utosi wako unaangalia wapi?

Profesa: Kaskazini.

Balozi: Kaskazini kuna nini?

Profesa: Mji wa Kati.

Balozi: Mbele ya Kati.

Profesa: Jangwa.

Balozi: Mbele ya jangwa, Profesa, jamani! Ufaransa! Anaingia kwa setilaiti. Umeme ukirudi tu, kabla mama hajakaa, tayari jamaa ameshashika geti. Anamlaza mama mkwe wa mwenzie barabarani ili mwenzie aaibike, kola zirudishwe, yeye Desemba ashuke na koti lake.

Zoumana: Skrini ya kuingilia haiwezi...

Balozi: Haiwezi! Uliambiwa pia haiwezi kukataa amri ya mkuu wa mashine. Ikakataa.

Hapo Balozi akanyoosha miguu. Nikawapa chai ya pili. Profesa aliipokea bila kuiangalia, na nikajua ana jambo kubwa zaidi, kwa sababu hawezi kumwachia Balozi ushindi hata wa ujinga.

Profesa: Mnaangalia setilaiti, na jambo lipo chini ya pua zenu. Linux, skrini inalala ubavu gani?

Zoumana: Wa kulia.

Profesa: Uso wa duka unaangalia wapi?

Zoumana: Mashariki.

Profesa: Mtu akilazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekezwa mashariki, kibla yetu, huyo ni nani?

Balozi alikunja miguu.

Profesa: Haki yake Mama kutaka kuzirudisha kola! Kila umeme ukirudi, mkwe anamzika mama wa watu mbele ya kituo cha mafuta. Na kitenge akafunikwa. Nyie mlicheka.

Mimi: Profesa, tema mate chini.

Profesa: Nimeshatema. Lakini mashine haikosei. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kibaba cha nini?

Profesa: Cha lawama.

Zoumana alikuwa ameshika glasi ya chai kwa mikono miwili, hainywi. Nilimwonea huruma, wallahi. Siku zote huwa namcheka kwa sababu anaongea na mashine kama mganga, lakini jioni ile alikuwa na uso wa mtu aliyepiga hesabu yake vizuri ikampa jibu baya. Aliniambia polepole kwamba anayo njia ya mwisho. Atamwondoa yule bawabu kabisa, amweke mwingine. Linux ina mabawabu wengi, wako tele, wa bure. Nikamuuliza kama huyo mwingine atatii. Akasema huyo mwingine anasifika kwa kutii, ila wakati fulani anasahau lugha na kuandika kwa herufi za Kirusi.

Balozi: Mama Mkwe kwa Kirusi. Hiyo itatuliza mtaa.

Tulikuwa hapo ndipo Worokia alipovuka barabara. Alikuwa na chetezo mkononi; mama yake hufukiza duka jioni, anasema wino wa printa unafukuza riziki. Sote tukakaa vizuri. Profesa akafunga kifungo cha shati.

Worokia: Kaka Dou, naomba makaa mawili.

Mimi: Chukua, dada. Hata matatu.

Balozi: Shemeji! Karibu benchi.

Worokia: Shemeji wa nani?

Balozi: Wa... wa kijiwe.

Worokia: Ijumaa haijafika, Balozi. Punguza spidi.

Alichuchumaa karibu na jiko akawa anachagua makaa kwa koleo. Zoumana alisimama, halafu hakujua kwa nini amesimama.

Zoumana: Worokia, mwambie mama hiyo skrini naimaliza leo. Leo leo. Nimeshapata njia.

Worokia: Nitamwambia. Jana pia nilimwambia.

Profesa: Binti, tusaidie jambo moja, tusije tukafa na kiu mto upo. Mama jana alikuwa anatania au alikuwa amekasirika?

Worokia: Hata mwenyewe hajui. Asubuhi alicheka. Mchana shangazi alipiga simu kutoka Ségou, akauliza mbona harusi imepita hajaalikwa. Hapo hakucheka. Sasa hivi mwanamke wa mchele amempigia vigelegele dirishani, akacheka tena, halafu akalia kidogo. Anasubiri aone.

Balozi: Aone nini?

Worokia: Sijui. Labda aone kama Zou atakuja kuongea naye, au ataendelea kuongea na televisheni.

Balozi alikohoa. Mimi nikajishughulisha na sukari.

Zoumana: Lakini Worokia, nikishairekebisha si kila kitu kitakuwa sawa? Tatizo ni skrini moja tu. Nimeshaielewa. Kila mtu ana chumba chake, na yule wa mlangoni haangalii vyumba vya watu...

Worokia: Zou. Mimi mambo hayo siyajui, sitajifanya. Nina swali dogo tu.

Zoumana: Uliza.

Worokia: Umeme ukirudi, pale ukutani panatoka majina mangapi?

Tukageuka wote kuangalia. Skrini ilikuwa bado ipo, hakuna aliyeingia kwenye mashine, duka lilikuwa linamsubiri Worokia. Kusema kweli jina la juu ni kubwa na yale ya chini ni madogo, na sisi tangu tuanze kucheka hatukuwahi kushuka chini ya Mama Mkwe.

Zoumana: Matatu.

Worokia: La kwanza tunalijua, Bamako nzima inalijua. La pili?

Zoumana: La kwangu. La kufanyia matengenezo.

Worokia: Unafanya matengenezo lini?

Zoumana: Mara moja kwa wiki. Wiki hii kila siku.

Worokia: La tatu?

Balozi, ambaye macho yake ni mazuri kuliko habari zake, alilaza shingo akasoma kwa sauti.

Balozi: Mgeni.

Worokia: Mgeni. Hilo ni la nani, Zou?

Zoumana: Hilo linakujaga tu. Ni la mtu wa kupita. Mteja, mtu yeyote.

Worokia: Kwenye ile mashine, tangu duka linafunguliwa hadi linafungwa, kadi zote za harusi za mtaa huu, anayekaa ni nani?

Zoumana: Wewe.

Worokia: Na nikikaa, ili niingie, nabonyeza jina lipi?

Lilikuwa swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Nilimwangalia Zoumana, ambaye anajua vyumba vyote vya mashine ile na jina la kila tundu la waya. Nikamwangalia Profesa, aliyekuwa amefungua mdomo tayari kwa methali, akaufunga bila kitu. Balozi alikuwa anatafuta chini kitu ambacho hakijaanguka.

Worokia: Sijagomba, nauliza tu. Mama ana jina, tena la heshima, hata kama amelala. Wewe una jina. Ijumaa Mzee Kouyaté akija na kola kumi, ami akamuuliza zimeletwa kwa ajili ya nani, atasemaje? Amwambie akasome ukutani?

Aliweka kaa la mwisho kwenye chetezo, akalipuliza likawa jekundu.

Worokia: Asante kwa moto, kaka Dou.

Akavuka barabara, hakukimbia wala hakuvuta hatua. Tukaona anakaa kwenye mashine. Akagusa jina ambalo si lake, Mama Mkwe akaondoka ukutani, na gauni jeupe la harusi ya mtu likasimama wima, kuanzia kilemba hadi kiatu.

Chai ya tatu, ile tamu, ilikuwa imechemka, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kupika kijiweni hapo hakuna mtu aliyesogeza glasi. Halafu Zoumana akakaa, akatusogelea kama mtu mwenye shauri zito.

Zoumana: Jamani, nisaidieni. Nikifungua jina la nne, niandike Worokia peke yake? Au niandike na jina la baba yake? Au nimwandike Traoré kabisa, kwamba tayari?

Profesa: Suala hilo lina pande tatu...

Balozi: Kule Libreville sisi tungeandika...

Nilishindwa. Nilichukua birika nikamwaga chai yote mchangani, majani na sukari na kila kitu, na Balozi akapiga ukelele kama amemwagikiwa yeye.

Mimi: Traoré, barabara hii hapa. Vuka ukamuulize mwenyewe anataka kuitwa nani.

Zoumana alisimama, akafika ukingoni mwa lami. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia tena kushoto, na hapakuwa na hata pikipiki.